Acheni Kila Picha Ijichagulie Rangi

Ni muda sijaandika hapa, na leo sijaja kwa mema. Nimekuja kulalamika, kwa hivyo vuta kiti, weka chai, tuelewane.

Wiki jana kijana mmoja anayefanya mafunzo ya kazini kwetu alikabidhiwa folda yenye picha mia tatu na ushee, akaambiwa azipunguze uzito zifae kwa simu. Akaingia mtandaoni, akatafuta, akapata amri ya mstari mmoja, akaibandika kwenye terminali, akabonyeza Enter na kwenda kantini. Aliporudi kazi ilikuwa imekwisha. Akaniita nione. Nilipoitazama ile amri mwili ulinisisimka, kwa sababu ndiyo ileile niliyoiandika mimi mwaka 2022, herufi kwa herufi:

mogrify +dither -colors 32 *.png

Yaani, chukua kila picha iliyo kwenye folda hii, ipunguze ibaki na rangi 32. Inafanya kazi. Ni ya haraka. Na kama picha zako ni za kundi moja, ni makosa. Simaanishi makosa ya urembo, kwamba picha haipendezi. Namaanisha kwamba inaweza kugeuza picha ya kweli ikawa ya uongo, na isikwambie.

Naomba nieleze kwanza inafanya nini, halafu niwaambie ilinifanyia nini mimi.

Picha ya kawaida ya rangi hubeba namba tatu kwa kila pikseli: nyekundu, kijani na bluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Hizo ni baiti tatu. Ramani yenye pikseli 1200 kwa 1600 ina pikseli 1,920,000, kwa hivyo ni baiti 5,760,000 kabla ya kubanwa. Picha ya paleti hutumia ujanja wa mwenye duka. Badala ya kuandika "unga wa ngano wa kilo mbili" kila anapouza, ana daftari: namba 7 ni unga, namba 8 ni mafuta taa. Kwenye risiti anaandika 7, basi. Faili nayo hubeba orodha ya rangi zisizozidi 256, na kila pikseli inabeba namba ya mstari wa orodha hiyo. Baiti moja badala ya tatu. Zikiwa rangi 16 au pungufu, PNG huweza kutumia nusu baiti.

Ujanja huu ni wa zamani. GIF ya CompuServe iliutumia tangu 1987, na PNG ikauchukua ilipotoka 1996. Hakuna ubaya hapo.

Sasa, fikiria mfanyabiashara mmoja mwenye maduka 69. Kila duka lina daftari lake, na kila muuzaji alijipangia namba zake mwenyewe asubuhi alipofungua. Namba 7 hapa ni unga. Duka la pili, namba 7 ni mafuta taa. Duka la tatu, unga haupo daftarini kabisa kwa sababu siku hiyo mtu mmoja tu aliununua, basi umeandikwa pamoja na "sukari". Jioni mwenye mali anakusanya risiti na kujumlisha namba 7 zote. Atapata nini?

Hiyo ndiyo kazi ya ile amri. Kila faili inaandika daftari lake.

Haya, kisa chenyewe.

Septemba 2022. Mnakumbuka hali ilivyokuwa kaskazini. Misimu minne ya mvua ilikuwa imeshindikana mfululizo tangu mwisho wa 2020, na wa tano ulikuwa unakuja, nao pia ukashindikana. Shirika moja, sitalitaja na halina kosa lolote, lilinipa kazi ndogo. Walikuwa na ramani za kaunti 23 zenye ukame, za duru tatu. Jumla faili 69, kila moja kama MB 1.9. Walitaka ziwe nyepesi, chini ya KB 200 kila moja, ili maafisa walio nyanjani wazifungue kwenye simu bila kumaliza bando. Nani asingependa kazi hiyo? Nilijiambia ni ya dakika kumi.

Rangi za ramani zile hazikuchaguliwa na mchoraji. Zilikuwa za IPC, ule mpango wa kuainisha hali ya chakula uliobuniwa Somalia mwaka 2004 na sasa unatumika nchi nyingi. Una awamu tano na kila awamu ina rangi yake, imeandikwa kwa namba. Awamu ya 1 ni kijani hafifu, (205,250,205). Ya 2 ni manjano, (250,230,30). Ya 3, hali ya hatari, ni rangi ya machungwa, (230,120,0). Ya 4, dharura, ni nyekundu, (200,0,0). Ya 5, baa la njaa, ni ile tunayoiita damu ya mzee, (100,0,0). Katika IPC, eneo likipakwa nyekundu maana yake angalau asilimia 20 ya watu wake wako katika dharura au hali mbaya zaidi. Kwa maneno mengine, ile nyekundu ni sentensi nzima, na ndani ya sentensi hiyo kuna watoto.

Nikaendesha amri. Faili zikatoka na wastani wa KB 170. Nikatuma, nikaandika ankara, nikalala usingizi wa mtu aliyelipwa.

Siku ya tatu asubuhi simu ikalia. Afisa mmoja, mama wa makamo aliyekuwa akizitumia zile ramani huko nyanjani.

"Injinia, habari ya asubuhi."

"Nzuri sana, madam."

"Nyekundu yetu umeipeleka wapi?"

Nilidhani anatania. Akaniambia nifungue ramani ya kaunti yake, duru ya tatu, nitazame kona ya juu kulia. Nikafungua. Rangi ya machungwa tupu. Nikafungua ya asili. Palikuwa na kipande chekundu, kidogo, kama pikseli 20 kwa 20. Kwenye ramani yangu hakikuwepo. Ramani ilikuwa imezungushwa kwenye vikundi vya simu kwa siku mbili, na watu walikuwa wameanza kuulizana ni lini eneo lile lilishushwa kutoka dharura, na nani alitia sahihi.

Hakuna aliyelishusha. Ni mimi, na mstari mmoja wa amri.

Tuhesabu pamoja ili msidhani ni uchawi. Kipande kile kilikuwa na pikseli kama 400 katika 1,920,000. Hiyo ni asilimia 0.02. Rangi ya machungwa ilikuwa na pikseli kama 90,000. Programu ilitakiwa kubakiza rangi 32, na ramani ilikuwa na kivuli cha milima, ule weusi-weusi wa kuonyesha miinuko, uliozaa mamia ya rangi za kijivu na kahawia. Nafasi zikawa chache. Programu ikaona: nyekundu hii ni ya wachache, nitaiunganisha na jirani. Ukichukua wastani wa pikseli 90,000 za (230,120,0) na 400 za (200,0,0) unapata takriban (230,119,0). Mnaona? Rangi ya machungwa ilisogea hatua moja tu. Nyekundu ikafa kabisa. Ukitazama kwa jicho picha inaonekana sawa, tena safi. Hilo ndilo linalonitia hofu mpaka leo.

Na hapa ndipo hoja yangu ilipo. Njia nyingi za kupunguza rangi ni za ukoo mmoja. Ile maarufu, ya kukata sanduku la rangi katikati ya idadi, ilielezwa na Paul Heckbert katika karatasi yake ya 1982. Unaweka pikseli zote kwenye sanduku, unalikata ili kila upande ubaki na pikseli sawa, unakata tena na tena hadi upate idadi ya masanduku unayotaka, kisha kila sanduku linatoa rangi moja ya wastani. Njia nyingine hukata kwa mitindo tofauti, lakini nyingi zinapima hasara kwa kuhesabu pikseli. Rangi yenye pikseli nyingi inasikilizwa. Yenye chache inanyamazishwa.

Kwa Kiswahili tuna msemo wake: wengi wape. Ni uchaguzi. Kwa picha ya machweo ufuoni ni uchaguzi mzuri kabisa, kwa sababu hakuna pikseli yenye haki kuliko nyingine. Lakini kwa ramani ya njaa ni upuuzi. Eneo lililo katika dharura huenda likawa dogo kwenye karatasi, na ndilo ramani nzima iliyochorwa kwa ajili yake. Kivuli cha mlima kikipewa viti kumi kwenye paleti na dharura ikakosa hata kimoja, hiyo si hesabu mbaya. Hesabu ni sahihi. Swali ndilo lilikuwa baya, na aliyeliuliza ni mimi.

Haikuishia hapo. Nilipofungua ramani zote kwa pamoja niliona mambo mengine mawili.

La kwanza, Awamu ya 3 haikuwa na rangi moja tena. Faili moja ilikuwa (230,119,0), nyingine (224,126,18), nyingine imekaribia hudhurungi. Ukiweka kaunti mbili ubavu kwa ubavu, mpaka wa kaunti unaonekana kama mpaka wa hali ya chakula. Na ufunguo wa ramani ulikuwa kwenye faili ya pembeni, wenye rangi sahihi, usiofanana na ramani yoyote.

La pili lilikuwa baya zaidi. Shirika lilikuwa na skripti ya kuhesabu ukubwa wa maeneo. Ilisoma namba za paleti, si rangi zenyewe: namba 4 ni Awamu ya 4, jumlisha. Baada ya kazi yangu, namba 4 kwenye faili moja ilikuwa kijivu cha mlima, na kwenye nyingine bluu ya Ziwa Turkana. Mnakumbuka yule mwenye maduka na risiti zake? Ndiye huyo. Kama wangeendesha skripti ile kabla ya mama yule kupiga simu, ripoti ingesema ziwa limo katika dharura.

Sasa najua kuna watu watakaosema maneno yafuatayo, maana nilishayasikia yote.

"Paleti ni mambo ya miaka ya tisini. Simu ya siku hizi inaonyesha rangi milioni 16." Ndiyo, 16,777,216 kwa hesabu kamili. Zamani tulishirikisha paleti kwa sababu skrini ilikuwa na rangi 256 tu. Ndiyo maana kulikuwa na zile rangi 216 za vivinjari, ngazi sita za nyekundu mara sita za kijani mara sita za bluu. Sababu hiyo imekufa, sibishi. Lakini paleti ya pamoja ina sababu nyingine ambayo skrini haihusiki nayo hata kidogo: kwamba rangi moja iwe na maana moja katika kundi zima. Skrini bora haiwezi kukurudishia nyekundu uliyoifuta kwenye faili.

"Tumia JPEG." Jamani! JPEG haina paleti kabisa. Ni ya picha za kamera. Hukata picha katika viboksi vya pikseli 8 kwa 8, na mara nyingi hupunguza taarifa za rangi kuliko za mwanga kwa sababu jicho la binadamu halijali sana. Kwenye uso wa bibi harusi sawa. Kwenye mstari unaotenganisha nyekundu na machungwa unapata ukungu, na skripti yako ya kuhesabu inapata rangi elfu moja badala ya tano.

"Nafasi ni bei rahisi, usipunguze rangi kabisa." Hapa nakubali, tena kwa mikono miwili. Kama hulazimiki kupunguza, usipunguze. Jaribu kwanza vifaa vinavyobana PNG bila kupoteza kitu, kama oxipng, au WebP isiyopoteza, ambayo nayo huweza kutumia paleti kwa ndani bila kukugusia rangi. Kama ramani yako ni ya mistari na maumbo, tuma SVG uachane na pikseli. Kama ningeondoa kile kivuli cha milima tu, zile ramani zingepungua sana bila vita hivi. Lakini mteja akisema kivuli kibaki na uzito uwe KB 200, na mwenye simu yuko mahali ambapo mtandao unashika ukipanda juu ya jiwe, basi unapunguza. Na ukipunguza, punguza kwa adabu.

"Kifaa kinajua kuliko wewe." Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Kifaa hakijui kwamba faili hizi 69 ni ndugu. Hukukiambia! Umekipa nyota na .png, kikazichukua moja moja kama wageni wasiojuana. Kifaa kimefanya ulichosema. Sisi tuliosoma digrii ya miaka minne ndio tuliopaswa kujua.

Haya, adabu yenyewe ni hii. Ina hatua nne.

Hatua ya kwanza, andika rangi za lazima kwa mkono. Ndiyo, kwa mkono, na uulize mwenye kazi, maana ni yeye anayejua ni zipi haziwezi kuguswa. Kwangu zilikuwa nane: awamu tano, nyeupe, nyeusi na bluu ya maji. Ni viti maalum. Hazipigiwi kura. Picha ndogo ya pikseli 8 kwa 1 inatosha kuzibeba, iite lazima.png.

Hatua ya pili, viti vilivyobaki vipigiwe kura, lakini na picha zote kwa pamoja, si kila moja peke yake:

magick ramani/*.png +dither -append -colors 24 -unique-colors kura.png

magick lazima.png kura.png +append paleti.png

Nane na ishirini na nne ni 32. Kabla ya kuendelea itazame orodha kwa macho. Kura iliyokaribia mno rangi ya lazima, mfano (229,121,2), itoe, maana itaiba pikseli za Awamu ya 3 kingoni.

Hatua ya tatu, zipitishe picha zote kwenye daftari hilohilo moja:

magick mogrify -path tayari -format png +dither -remap paleti.png ramani/*.png

Tengeneza folda ya tayari kwanza. Na usisahau -path, kwa sababu bila hiyo mogrify huandika juu ya faili za asili bila kukuuliza. Mwaka 2022 niliisahau. Kilichoniokoa ni kwamba zile za asili zilikuwa bado kwenye barua pepe ya mteja.

Ile +dither ina maana yake. Inazima mtindo wa kunyunyiza nukta, ambapo programu huchanganya nukta za rangi mbili ili ukitazama kwa mbali uone ya tatu. Floyd na Steinberg waliuandikia mwaka 1976 njia inayotumika hadi leo: kosa la kila pikseli linagawiwa majirani, 7/16 kulia, 3/16, 5/16 na 1/16 chini. Kwa picha ya kawaida ni werevu mtupu. Kwa ramani ni kuzalisha vijiji vya uongo, nukta ya manjano katikati ya machungwa, pikseli moja moja, kila moja ikidai kuwa mahali fulani.

Na kama namba za paleti zina maana kwako, kama zilivyokuwa kwa ile skripti, usitegemee ImageMagick kuzihifadhi kwa mpangilio. Rangi zitakuwa za paleti yako, lakini daftari huweza kupangwa upya wakati wa kuandika faili. Hapo mimi hutumia Python na Pillow: quantize, ukiipa palette=paleti na dither=0. Inarudisha picha yenye daftari lako, namba zikiwa pale ulipoziweka.

Hatua ya nne, hakiki. Hii ndiyo kila mtu anairuka. Hesabu rangi za kila faili:

magick identify -format "%f %k\n" tayari/*.png

Hakuna inayopaswa kuzidi 32. Kisha andika skripti fupi, yangu ina mistari kama ishirini, inayolinganisha faili ya kabla na ya baada: kwa kila rangi ya lazima, kama ilikuwepo kabla na haipo sasa, simama na upige kelele. Mistari ishirini. Ningekuwa nayo Septemba ile, yule mama asingepoteza salio lake kunipigia.

Niseme ukweli mmoja zaidi, kwa sababu sitaki mtu aondoke hapa akidhani paleti ya pamoja ni dawa ya kila ugonjwa. Programu za kuchora ramani hulainisha kingo. Pale nyekundu inapokutana na kijani hafifu cha Awamu ya 1, pikseli ya mpakani inakuwa katikati, kama (202,125,102). Ukiwa na zile rangi tano tu za awamu kwenye paleti, iliyo karibu zaidi na pikseli hiyo si nyekundu wala kijani. Ni ya machungwa! Piga hesabu ya umbali mwenyewe: machungwa takriban 106, nyekundu takriban 161, kijani takriban 162. Kwa hivyo kila eneo jekundu linajivisha mshipi wa Awamu ya 3 ambao hakuna mtu aliyeupima. Dawa yake haiko kwenye kubadilisha faili. Iko mwanzo: mwombe aliyechora atoe ramani bila kulainisha kingo. Nilimwomba, akazitoa upya kwa dakika chache. Hakuna aliyewahi kumwomba kabla.

Nilirudia kazi yote bure, usiku mmoja. Faili zikatoka na wastani wa KB 180. Yaani tofauti kati ya kila picha kuwa na daftari lake na zote kuwa na daftari moja ilikuwa KB 10 kwa faili. Hiyo ndiyo bei niliyokuwa nimekwepa bila kujua kwamba naikwepa.

Kama wewe si mtu wa ramani, usidhani umepona. Rafiki yangu mmoja anatengeneza programu ya hadithi za watoto. Mhusika ni msichana wa miaka saba. Kurasa 24, kila ukurasa picha moja, zote zilipunguzwa kwa amri ya aina ileile. Ukurasa wa jikoni msichana ana uso wake, wa kahawia uliokolea na wenye joto. Ukurasa wa msituni, ambako majani yamejaza picha nzima, kijani kilichukua karibu viti vyote na uso wake ukawa wa kijivu kama jivu la jana. Mtoto wa rafiki yangu akauliza, "Baba, huyu ni mgonjwa?" Programu haina ubaguzi, haijui uso ni nini. Ilihesabu pikseli, na uso ulikuwa mdogo. Weka rangi tatu za ngozi yake kwenye viti maalum, na msichana anabaki yeye mwenyewe kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Kwa hivyo ombi langu ni hili. Ninyi mnaoandika mafunzo ya mstari mmoja, andikeni mstari wa pili. Ninyi mnaosimamia vijana, msiulize tu "imekwisha?" Ulizeni "paleti ni ya nani?" Na wewe unayebandika amri, kabla ya Enter jiulize swali moja: je, picha hizi zinajuana? Kama zinajuana, zipe daftari moja, na uliandike wewe.

Yule kijana wa mafunzo tuliketi naye saa mbili. Picha zake zilikuwa za nguo, katalogi ya duka, fulana moja kwa rangi sita. Kwenye matokeo yake fulana ya damu ya mzee na ile nyekundu zilikuwa zimefanana kwenye picha kadhaa. Akanitazama akasema, "Lakini hii ni nguo tu, si njaa." Ni kweli. Nikamwambia akitaka ajifunze kwenye fulana, ni afadhali kuliko nilikojifunzia mimi.

Haya, nimemaliza. Chai imepoa.